Dawa Ndani ya Nguzo

Mwanamume akianza kujifulia suruali, mtaa hauulizi mara mbili: ana mwanamke. Ndivyo walivyosema majirani walipomwona Winchi ameinamia beseni nyuma ya nyumba, asubuhi baada ya asubuhi, akisugua suruali ya kazi kwa mikono yake huku ana mke mzima ndani. Mkewe maneno hayo aliyasikia. Alikuwa mshonaji, cherehani yake iko barazani, na barazani umbea hupita bila kupiga hodi.

"Shoga, wangu mimi hata leso hajui inafuliwaje," alisema jirani aliyekuja kupunguziwa gauni. "Siku akishika sabuni, nafungasha."

"Labda ananionea huruma," mshonaji akajibu bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Huruma ya mwanaume haiji na sabuni."

Walicheka wote wawili, ila mshonaji alicheka jino pembe. Alikuwa na ushahidi wake, na ushahidi huo ulikataa kukaa sawa na maneno ya mtaa. Mwanamume mwenye hawara hunawiri, hujipulizia manukato, hununua shati jipya. Huyu wake alikuwa anapukutika. Suruali zake mshonaji alikwisha kuzipunguza kiuno mara mbili, na bado mkanda ulidai tundu jingine. Chakula cha jioni alikiacha kabisa. Akisogezewa sahani anasema ameshiba hukohuko kazini.

Kazi yenyewe ndiyo iliyompa jina. Aliendesha winchi kwenye jengo refu lililokuwa likipanda upande wa pili wa mji, ile mashine yenye mkono mrefu inayonyanyua vyuma na zege. Asubuhi alipanda ngazi ya mnara mpaka kwenye kibanda cha vioo, akashuka mchana, akapanda tena, akashuka jioni. Kule juu hakuna wa kumpokea na hakuna choo. Kwa hiyo alikuwa amejitungia tiba yake mwenyewe: asiyekula hana cha kutoa. Akili ya namna hiyo humtosha mtu mpaka siku itakapomshinda.

Asubuhi moja mshonaji alimfuata uani kimyakimya ili amfumanie na doa la rangi ya mdomo. Akakuta maji ya beseni ni mekundu.

"Umechinja nini?" akauliza.

Winchi alishtuka mpaka sabuni ikamponyoka. "Bawasiri tu."

"Bawasiri ya tangu lini?"

"Tangu mvua zile."

"Zile za mwaka jana?"

Winchi akaokota sabuni yake na kuendelea kusugua. Mshonaji alikuwa amejiandaa kwa mwanamke mwingine; maneno yake yote alikuwa ameyapanga, makali yakiwa mbele. Kwa damu hakuwa na neno hata moja. Alichutama, akamnyang'anya suruali, akaanza kuifua yeye, na machozi yakamtoka palepale juu ya povu.

 

Daktari wa matumbo alikuwa mwanamke, tena mdogo kwa umri kuliko Winchi, na hilo peke yake lilitosha kumharibia siku. Kipimo cha kamera kilikwisha kufanyika wiki iliyotangulia. Alilazwa ubavu akitazama ukuta, akamsikia nesi akimwambia "legeza, baba, legeza", na aliapa kutolizungumza jambo hilo maisha yake yote. Sasa picha zake ziko mezani, na mkewe anazitazama.

"Si bawasiri," daktari alisema. "Utumbo mpana, sehemu ya mwisho na upande huu wa kushoto, umejaa vidonda. Kinga ya mwili wako imegeuka, inakushambulia wewe mwenyewe. Hukurogwa, hukulishwa kitu, wala si mapishi ya mama hapa."

"Afadhali umesema," mshonaji akadakia, maana upande wa mume walikwisha kuanza kuuliza anampikia nini.

"Nitapona?" Winchi aliuliza.

"Ugonjwa huu haufukuzwi, baba. Unalazwa. Ukilala vizuri unafanya kazi zako, unalea wanao, unazeeka nao. Lakini kwanza niambie, wewe unataka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo hospitalini. Akafikiri. "Nataka nipande winchi, nisishuke mpaka kengele ya mchana."

"Na mama?"

"Mimi nataka asife," mshonaji akasema.

"Haya, na mimi nina langu. Damu ikome, hilo la kwanza. Halafu iendelee kukoma bila hivi vidonge vyeupe nitakavyokupa. Na mwisho, nikiingiza kamera tena nikute ukuta wa ndani umepona. Nataka niuone kwa macho, sitaki kuambiwa tu kwamba unajisikia vizuri. Wengi huishia hilo la kwanza. Damu imekata, mtu anajiona mzima, kumbe ndani kunaendelea kuungua. Na vidonda vikikaa miaka vinaweza kuzaa saratani."

Alisogeza dawa moja moja. Kulikuwa na vidonge vya kumeza kila siku, hata akijiona mzima. Kisha vile vyeupe, vikali, vya muda tu, ambavyo ataanza na vingi, atavipunguza kila wiki na kuviacha. "Hawa ni zimamoto," daktari alisema. "Wakishauzima moto wanarudi kwao. Hawahamii sebuleni kwako wakakaa." Mshonaji alicheka. Winchi hakucheka, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kitu cha tatu: boksi la vichupa laini vyenye mdomo mrefu.

"Na hivyo?"

"Hiyo ndiyo dawa yenyewe hasa, kwa mahali ulipoumia. Kila usiku unalala ubavu wa kushoto, unaingiza kwa nyuma, unakamua, unalala nayo. Inafika palepale penye vidonda, kidonge peke yake hakifiki vizuri hivyo. Mwanzoni mama anaweza kukusaidia."

Winchi alikuna goti ambalo halikuwa likimuwasha.

"Hakuna ya sindano?"

"Zipo. Zipo za kumeza za kutuliza kinga, zipo za sindano na dripu, na bei yake ni ya kuuza kiwanja. Zina hatari zake pia. Mwisho kabisa kuna kisu: utumbo mpana unatolewa, choo kinatokea tumboni kwenye mfuko. Hizo zote ni ngazi, baba. Wewe uko kwenye kipandio cha chini, na cha chini ndicho rahisi. Usinilazimishe nikupandishe."

Kwa mtu aliyepanda ngazi kila siku ya Mungu, maneno hayo yalipaswa kumwingia. Yaligonga akilini, yakakuta mlango umefungwa.

 

"Lala nikusaidie," mshonaji alimwambia siku ile ya kwanza, akiwa amekwisha kutandika taulo kitandani na kukipasha kichupa joto viganjani kama alivyoelekezwa.

"Toka kidogo."

"Mimi si mkeo?"

"Ndiyo maana. Toka."

Alitoka. Alilelewa kwamba mume akikuomba umsitiri, unamsitiri, na hufungui mlango mpaka uitwe. Alikaa barazani karibu na cherehani iliyofunikwa, akahesabu pumzi zake, akaingia alipoitwa. Ikawa ndiyo desturi yao kila jioni. Alijiona mke mwema, na kweli alikuwa mke mwema, Mungu amsamehe.

"Vitupu nitavitupa kazini," Winchi alisema. "Huku mtaani watoto wataviokota wavichezee."

Mshonaji aliona hiyo ni busara. Lakini vichupa havikuwa vitupu. Kila jioni mlango ulipofungwa, mwanamume yule alisimama katikati ya chumba na kichupa mkononi, akautazama ule mdomo, akajiona yeye, baba wa mtu, fundi anayeheshimiwa, amejikunja kitandani kama mtoto anayetiwa dawa ya minyoo. "Mimi?" alijisemea. Akakitia kwenye mfuko wa kazi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na huyu hakutaka kuzaa. Alitaka kuuficha tu.

Asubuhi kwenye jengo, wenzake wakiwa bado wanatafuta helmeti zao, alipita kwenye nguzo inayosubiri zege, nondo zimesimama ndani ya mbao, juu wazi. Alividondosha humo. Baadaye alikaa kwenye kibanda chake, akainyanyua ndoo ya zege, akaishusha taratibu juu ya nguzo ileile, na dawa yake ikazikwa. Jengo lilipanda ghorofa kwa ghorofa, na kila ghorofa ilikula fungu lake.

Mtu mmoja alimwona. Chini ya winchi alisimama mdogo wa mshonaji, kijana mwenye redio ya mkononi, ambaye kazi yake ilikuwa kumwelekeza Winchi: leta, shusha, simama hapo. Kwa kuwa Winchi alimwita shemeji kutwa nzima kwenye redio, jengo zima lilimwita Shemeji, hata nyapara ambaye hakuoa kwao wala hakuozesha.

"Unatupa nini humo?" Shemeji aliuliza.

"Takataka."

"Takataka imejaa hivyo? Hiyo si dawa?"

Winchi alimtazama. "Kazi hii alikupa nani?"

Shemeji aliangalia viatu vyake. Alikaa bila kazi muda mrefu kabla ya hapo, akila kwa dada yake, na sahani ile aliikumbuka vizuri.

"Basi," Winchi akasema. "Na dada yako asisikie."

 

Vidonge vyeupe vilifanya miujiza. Kabla wiki haijaisha damu ilikata. Winchi akaanza kula, na hakula kidogo. Alikula chake, akamalizia cha mtoto, akauliza kilichobaki sufuriani. Alipanda mnara akiimba. Mshonaji alizifumua suruali zile alizozipunguza, akazirudisha kiuno, kisha akaziongeza. Kila alipoizungusha futi kiunoni kwa mumewe na kuona namba imepanda, alimshukuru Mungu kwa sauti.

"Baba umekuwa mashavu matupu," alisema binti yao, na nyumba nzima ikacheka.

"Pesa hizo," majirani walisema. "Ameacha hawara, amerudi kwa mkewe, ona alivyonona."

Kisha zikaja wiki za kupunguza. Alipopunguza mara ya kwanza hakuona kitu. Alipopunguza mara ya pili, uzi mwembamba mwekundu ulirudi. Hapo ndipo dawa ya usiku ingeshika zamu, zimamoto wakiondoka. Lakini dawa ya usiku ilikuwa ndani ya nguzo. Winchi aliurudisha wingi wa vidonge kama mwanzo, uzi ukapotea, akaona amegundua siri ambayo daktari alimficha. Hata vile vya kumeza vya kila siku akaviacha, maana vya nini tena? Vilipomalizika vyeupe akaenda duka la dawa la mbali na kwake.

"Cheti kiko wapi?" muuzaji aliuliza.

"Kililowa mvua."

"Hizi si karanga, bwana mkubwa."

"Najua. Nipe."

Alipewa. Mara ya kwanza aliulizwa, mara ya pili aliangaliwa tu, baada ya hapo muuzaji alimwona mlangoni akafungua kabati. Siku ya kliniki ilipofika, Winchi alivaa shati jeupe, akaaga, akaenda kazini. Jioni alimwambia mkewe, "Daktari amefurahi mwenyewe. Kasema niendelee hivihivi."

"Na kamera?"

"Kasema ya nini, wakati mtu mzima huyu hapa."

Mshonaji alimkumbatia, naye akaupokea mkumbatio ule mikono ikiwa imelegea.

Mambo mengine aliyaona, ila hakujua ayaweke wapi. Mumewe alikuwa halali. Anakaa kitandani macho makavu mpaka kuche. Alikuwa mkali. Siku moja mtoto aliangusha kikombe, na baba aliinuka na uso ambao mtoto hakuwahi kuuona, mtoto akakimbilia barazani kujificha nyuma ya cherehani. Mikono ilimtetemeka akishika kijiko. Halafu kuna siku alikuwa akimpima shati, pini ikamgusa kidogo tu begani, mguso ambao hata mteja wa kudeka asingelalamika. Ngozi ilifunguka kama karatasi iliyolowa.

"Ngozi yako imekuwaje?" mshonaji aliuliza, amekishika kitambaa juu ya kidonda.

"Imezeeka. Mimi si kijana."

Alimfunga kidonda. Usiku ule alitoka chumbani kama kawaida, akakaa barazani, na kwa mara ya kwanza akahisi baridi isiyo ya hewa. Akajiambia ni uchovu.

 

Siku ya kumwaga zege la dari ya ghorofa ya juu kabisa ilikuwa siku ya watu wengi. Kwenye jengo kila mtu anaujua msemo huo, zege halilali: likishakorogwa lazima limwagwe, likianza kumwagwa lazima liishe. Nyapara alipita tangu alfajiri akiwakumbusha wasiokumbushwa. "Leo hakuna kuugua, hakuna msiba, hakuna mke kujifungua. Winchi, umesikia?"

"Nimesikia."

Alikuwa ameamka na homa. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza, na haliumi mahali pamoja, linauma lote. Alimeza vyeupe maradufu na kupanda. Njiani kwenye ngazi alisimama mara kadhaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Shemeji alimwangalia kutoka chini mpaka shingo ikamuuma.

Ndoo za kwanza zilikwenda vizuri. Jua lilipokaza, redio ikakoroma.

"Shemeji."

"Nakupata."

"Nifungie debe kwenye kamba. Debe tupu."

Redio ile haikuwa na siri. Alichosema Winchi kilisikika kwa waliokoroga, waliosambaza, waliofunga nondo, na kwa nyapara. Kicheko kilianzia chini kikapanda jengo zima.

"Winchi anataka choo!" mmoja akapaza sauti.

"Mpelekeeni na sabuni!"

Nyapara alichukua redio. "Debe la nini? Kaza matako, baba, zege halilali. Ndoo inakusubiri."

Ndoo ilinyanyuka. Shemeji aliiangalia ikipanda, na kwa jicho la mtu aliyeielekeza siku zote akaona haipandi sawa. Iliyumba. Ilipofika juu ya vichwa vya watu waliokuwa darini na majembe yao ilisimama, ikacheza kushoto na kulia, tani ya zege kwenye waya.

"Shusha," Shemeji akasema kwenye redio. "Shemeji, shusha taratibu. Mkono wa kulia. Taratibu."

"Sioni vizuri," sauti ikajibu, ndogo, ya mtu mwingine kabisa.

"Huna haja ya kuona. Mimi naona. Nifuate mimi. Taratibu... taratibu... simama. Achia."

Ndoo ilikaa chini mahali pasipo na mtu. Shemeji alimtupia nyapara redio na kukimbilia mnara. "Wewe unakwenda wapi?" nyapara aliuliza, na hilo ni swali ambalo Shemeji alikuja kulikumbuka baadaye na kutamani angelirudi kulijibu kwa ngumi.

Alimkuta Winchi amekaa kwenye kiti, uso wa majivu, jasho linatiririka. Kiti chote kilikuwa damu. Ilikuwa imefika sakafuni, imeingia kwenye mifereji ya mpira wa viatu vyake.

"Usiwaambie," Winchi akasema.

"Simama. Unaweza kusimama?"

Hapakuwa na njia ya kumteremsha ila ngazi. Shemeji alitangulia chini, Winchi akafuata juu yake, na kila kipandio Shemeji alishika kifundo cha mguu cha mwenziwe, akauweka mguu ule mahali pake kwa mkono wake. Damu ilimdondokea kwenye helmeti, kisha begani, kisha shavuni. Hakujifuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Watu waliocheka walikusanyika chini ya mnara, helmeti mkononi.

 

Hospitalini walimtundikia dripu. Mshonaji alikuja na nguo za kubadilisha, uzi bado umemning'inia begani. Siku zikapita, choo kikawa damu tupu, na tumbo likazidi kuvimba. Daktari alimpapasa tumbo asubuhi na jioni, na kila mara uso wake ulizidi kukunjamana.

Siku ya tatu aliwaita pembeni, mshonaji na mdogo wake.

"Dripu hii ni ndugu ya vile vidonge vyeupe, ila kali zaidi. Ilipaswa iwe imeshika. Vidonge aliacha lini?"

"Aliacha kama ulivyomwandikia," mshonaji akasema.

"Nimepima. Mwili wake hauoneshi mtu aliyeacha. Na dawa ya usiku, ile ya kuingiza?"

"Kila usiku, daktari. Hakukosa hata mmoja."

"Ulimwona?"

Mshonaji alifungua mdomo. "Nilikuwa natoka chumbani," akasema. "Aliniomba nitoke."

Daktari aliangalia chini. Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, helmeti yake ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa ameiosha, lakini kwenye mishono ya ndani wekundu ulibaki.

"Iko kwenye nguzo," akasema.

"Nini?"

"Dawa, dada. Alikuwa anaitia kwenye nguzo kabla ya zege. Imejaa vilevile. Mimi nilimwona."

Mshonaji alimgeukia. Alikuwa na haki ya kumzaba kofi, na Shemeji alikwisha kulisogeza shavu. Hakupiga. Akakaa palepale sakafuni mwa korido, watu wakampita na machela.

"Mimi nilikuwa barazani," alisema, hasemi na mtu. "Nampa heshima yake. Kila usiku nampa heshima yake."

Daktari alichuchumaa mbele yake. "Mama, nisikilize. Kuna dripu ya kisasa ambayo mwingine ningemjaribu nayo. Hapa kwetu haipo, na hata ingekuwepo, picha ya leo inaonesha utumbo umetanuka. Ukipasuka humo ndani tunampoteza. Inabidi utolewe, leo. Na sikufichi, vile vidonge alivyovimeza miezi yote hii vinachelewesha vidonda kupona. Upasuaji wenyewe una hatari kubwa kuliko ambayo ungekuwa nayo mwanzoni."

"Ataishi?"

"Bila upasuaji hataishi. Kwa upasuaji ana nafasi."

Waliingia kwa Winchi. Alikuwa amesikia, au alikuwa amejua tangu juu ya ngazi. Yale mashavu yaliyochekesha nyumba yalikuwa yamelegea pande zote za mdomo.

"Nikiwa na mfuko tumboni nitapandaje?" aliuliza.

Shemeji aligeukia dirishani. Kwa mbali mkono wa winchi ulikuwa ukizunguka, maana zege halilali, na kibandani tayari kulikuwa na mtu mwingine.

"Siku ile tuliulizwa tunataka nini," mshonaji akamwambia mumewe. "Wewe ulisema winchi. Mimi nilisema usife. Yako imekwenda. Niachie yangu."

Winchi alifumba macho. Machozi yalimtoka kwenye pembe, yakaingia masikioni, naye hakuyaficha. Hakuwa na mkono wa kuyafichia, yote miwili imefungwa mipira. "Fanyeni," akasema.

 

Hakufa. Homa ilikuja na kuondoka na kurudi, mshono ulikataa kufunga upande mmoja, ukawa unatoa maji. Daktari alisema tusubiri, kwa namna ya mtu asiyependa kusubiri. Nyapara alituma salamu, akauliza pia kama kofia na mkanda wa usalama vinaweza kurudishwa.

Shemeji aliacha kazi. Alimwambia dada yake kwamba kila akipita kwenye nguzo ya kona huona kama inamtazama. Nguzo zenyewe zilikwisha kupigwa lipu, na mafundi rangi walikuwa wakianza, nyeupe kutoka juu mpaka chini. Ukizitazama huoni kitu.

Asubuhi moja nesi alikuja na trei: mfuko mpya, maji ya uvuguvugu, pamba. Alimwonesha mshonaji namna ya kukata tundu la mfuko litoshe, na mshonaji alilikata kwa mkasi mara moja tu, likatosha barabara. Nesi akamsifu, akaitwa kitanda kingine.

"Mtaendelea wenyewe?" akauliza akiwa anaondoka.

"Tutaendelea."

Wakabaki wawili kwenye kile chumba kidogo cha pembeni. Mfuko ulikuwa umejaa, harufu imesimama kati yao. Winchi alivuta shuka mpaka kidevuni na kugeuza uso ukutani, kama siku ile ya kamera.

"Toka kidogo," akasema.

Mshonaji aliweka trei chini. Akatembea mpaka mlangoni, akaushika, na Winchi akausikia ukifungwa. Alingoja nyayo zipotee koridoni. Hazikupotea. Zilirudi, zikasimama pembeni mwa kitanda, na mkono wenye joto ukashika pindo la shuka.

"Nimeufunga," mkewe alisema. "Niko ndani. Geuka huku."